Bustani na Nyumba: Airisi Zichanuazo Mara Mbili Kabla ya Jalidi

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Neno hilo ni la kweli kwa jembe, lakini si la kweli kwa mmea. Katika nchi za baridi kali, ambako ardhi huganda kama jiwe kwa miezi kadhaa ya mwaka, mtunza bustani asiyechagua kwa makini hupoteza vitu viwili kwa pamoja: fedha zake na miaka yake. Fedha huweza kupatikana tena, miaka hairudi. Jambo hili huonekana wazi katika ua moja lipendwalo sana huko, nalo ni airisi, na hasa katika zile airisi zisemwazo kuwa huchanua mara mbili kwa mwaka mmoja.

Hata msomaji wa Kabale, aijuaye baridi ya alfajiri, hajaona bustani inayolala usingizi tangu Novemba hadi Aprili. Lakini wapo ndugu wengi wasemao Kiswahili, hasa waliotoka Kongo, ambao leo wamejenga maisha katika miji ya baridi ya Marekani na Kanada. Nyumbani walizoea kulihesabu shamba kwa mvua. Huko hawana budi kulihesabu kwa jalidi, yaani umande ule ugandao usiku na kuua kila kilicho laini. Mambo yafuatayo yawafaa wao, na yamfaa kila mtu apendaye kujua jinsi ua linavyoweza kushindana na kalenda.

UA LENYEWE

Airisi ni jamii ya mimea yenye aina asilia zaidi ya 200. Jina lake limetoka katika lugha ya Kigiriki, na maana yake ni upinde wa mvua. Jina hilo laistahili, kwa kuwa maua yake hupatikana kwa karibu kila rangi, ila nyekundu halisi kama ya damu. Iliyo maarufu zaidi bustanini ni airisi yenye ndevu. Sehemu tatu za ua lake husimama wima, na tatu nyingine huinama. Na juu ya kila iliyoinama pana mstari wa manyoya mafupi mfano wa ndevu. Majani yake ni marefu na bapa kama panga.

Chini ya majani hayo hapana kitunguu, bali pana kishina kinene kilalacho juu juu ya udongo, ambacho kwa sura chafanana sana na tangawizi. Hapo hapo mama mwenye nyumba hana budi kuonywa: kishina hicho si chakula. Kikiliwa hudhuru tumbo, na utomvu wake huwasha ngozi ya baadhi ya watu. Kisiwekwe jikoni wala mahali wachezeapo watoto.

Airisi ya kawaida huchanua mara moja tu, aghalabu mwishoni mwa Mei au katika Juni, kisha imekwisha kazi yake ya mwaka. Kishina kilichokwisha kutoa ua hakitoi jingine. Huzaa vitoto ubavuni, navyo hungoja baridi ipite ndipo vichanue mwaka ufuatao. Lakini ziko airisi ambazo vitoto vyake hupevuka upesi, na baadhi yake hutoa maua mwaka ule ule pasipo kungoja baridi. Hizo ndizo airisi zirudiazo. Miongoni mwa waliozizalisha mapema walikuwa ndugu wawili wa jimbo la Nebraska nchini Marekani, Hans na Jacob Sass, waliofanya kazi hiyo katika miaka ya 1920.

BUSTANI YA KOPLO

Na uchukuliwe mfano wa koplo wa jeshi la Marekani aliyepangiwa kituo katika kambi ya Fort Drum, kaskazini ya jimbo la New York. Kambi hiyo iko karibu na Ziwa Ontario, na pepo za ziwa hilo huleta theluji nyingi sana. Kama ilivyo kwa askari wa kila nchi, familia yake hufika kituoni, hukaa miaka michache, kisha huhamishwa.

Familia hiyo imefika katika majira ya joto. Mwezi wa Agosti mke wa koplo anapanda vishina vitatu vya airisi mbele ya nyumba. Amevichagua katika kitabu cha picha cha muuzaji aliye mbali, kwenye pwani ya magharibi, na chini ya kila picha imeandikwa kwamba ua hili hurudia kuchanua. Mwezi wa Machi mwaka wa pili koplo anatumwa ng'ambo, na inajulikana kwamba atarejea mwishoni mwa Septemba. Maua ya Juni hatayaona. Mkewe hasikitiki sana, kwa kuwa ameahidiwa maua mengine, na anataka mumewe ayakute mlangoni.

Juni ilipofika, airisi zote tatu zilichanua vizuri. Septemba ilipofika, hapakuwa na kitu ila majani. Koplo alirejea akakuta kitanda cha maua kitupu. Katikati ya Oktoba bua moja liliinuka likiwa na vichomozo vinne. Siku ya tatu jalidi lilianguka usiku, na asubuhi bua lile lilikuwa limelegea kama kitambaa kilicholowa maji.

Kitabu cha picha hakikusema uongo. Kilisema habari za kwao. Katika mabonde ya Oregon, ambako huzalishwa airisi nyingi sana, baridi ni ya upole na jalidi huchelewa. Katika California ziko airisi zinazochanua hata Novemba na Desemba. Ua linaloanza kurudia katika Oktoba ni hazina huko. Kaskazini ya New York ni chakula cha jalidi.

BARIDI INAYOUA NA BARIDI INAYOWAHI

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanadhani kwamba mmea ukiweza kustahimili baridi, basi umefaa. Lakini kuna baridi mbili, na kila moja ina swali lake.

Ya kwanza ni baridi inayoua. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilitoa mwaka 1960 ramani ya maeneo ya baridi, na imeirekebisha mara kadhaa, ya karibuni ikiwa ni ya mwaka 2023. Ramani hiyo huigawa nchi kwa wastani wa baridi iliyo kali kuliko zote katika mwaka. Eneo la 5 ni lile ambalo baridi hiyo hufika kati ya digrii 23 na 29 za Selsiasi chini ya sifuri. Eneo la 4 ni kati ya digrii 29 na 34 chini ya sifuri. Airisi yenye ndevu si mmea dhaifu: aina nyingi huyamudu maeneo yote mawili. Vishina vya mke wa koplo havikufa hata kimoja.

Ya pili ni baridi inayowahi. Ramani yaeleza ukali wa baridi ya usiku mmoja ulio mbaya kuliko wote. Haielezi joto litadumu siku ngapi kabla ya jalidi la kwanza. Miji miwili yaweza kuwa katika eneo moja la ramani, na mmoja ukawa na majuma mengi zaidi ya joto kuliko mwingine. Kwa airisi irudiayo, majuma hayo ndiyo yote. Baada ya ua la Juni, vitoto vinahitaji muda wa kukua, kupevuka na kuinua bua. Vikichelewa kwa juma moja tu, kazi ya mwaka mzima imepotea.

Kwa hiyo hesabu ya kwanza haianzi na picha ya ua, bali na tarehe. Mtunza bustani na aulize wenyeji jalidi la kwanza huanguka lini kwa kawaida. Ikiwa ni mwanzoni mwa Oktoba, basi airisi inayomfaa ni ile ambayo katika mahali penye hali kama yake huanza kurudia katika Agosti, au kabla ya Septemba kufika katikati. Inayoanza baada ya hapo ni bahati nasibu.

Yafaa pia kujua kwamba airisi zirudiazo si za namna moja. Ziko zinazochanua Juni, zikapumzika, kisha zikachanua tena kwa pamoja mwishoni mwa joto. Ziko zinazotoa bua moja moja, leo hapa na kesho pale, tangu Juni hadi jalidi. Na ziko zinazorudia mwaka mmoja na kunyamaza miaka miwili. Wauzaji wengine huziita zote kwa jina moja. Mnunuzi asikubali jina hilo pasipo maelezo.

MAJINA YALIYOJARIBIWA

Baadhi ya airisi zimejijengea sifa katika bustani za kaskazini kwa miaka mingi, na si haba kwamba kadhaa kati ya hizo ni kazi ya mtu mmoja. Lloyd Zurbrigg alikuwa mzaliwa wa Kanada aliyefundisha muziki katika chuo cha Radford, jimbo la Virginia. Alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuzalisha airisi zinazorudia mapema na kwa uhakika.

Iliyo mashuhuri kuliko zote ni 'Immortality', nyeupe, ya mwaka 1982. Ni ndefu, hustawi upesi, nayo ndiyo watunza bustani wengi wa baridi huitaja kwanza waulizwapo. 'Harvest of Memories' ni ya manjano. 'Feed Back' ni ya zambarau iliyokoza. Kwa mwenye nafasi ndogo, au mwenye upepo mkali, ipo 'Baby Blessed', fupi na ya manjano, isiyohitaji kijiti cha kuiegemeza.

Kazi za wengine nazo zipo. Raymond G. Smith wa jimbo la Indiana alitoa mwaka 1963 'Lovely Again', ya rangi ya urujuani hafifu, ambayo hadi leo hupandwa. Chuck Chapman wa Ontario, nchini Kanada, alitoa katika miaka ya 1990 airisi fupi ya samawati iitwayo 'Forever Blue'. Mtu akitazama mahali zilikozalishwa airisi hizi ataona kwamba wazalishaji wake waliishi mahali penye majira ya baridi ya kweli, wakachagua kila mwaka zile zilizowahi na kuziacha zilizochelewa. Si sheria isiyovunjika, lakini ni dalili njema.

Tena airisi hizi za zamani ni rahisi kwa bei. Zilizotolewa mwaka huu huuzwa ghali kwa sababu ya upya wake. Upya huo si ushahidi kwamba zitachanua Septemba katika nchi ya theluji.

MAHALI PA KUTAFUTA

Mke wa koplo alipokwisha kuona hasara yake, alifanya jambo ambalo angalilifanya mwanzoni. Alimwendea bibi mmoja mzee wa mtaa wa pili, ambaye uani kwake airisi nyeupe zilikuwa zimechanua Septemba nzima. Bibi yule hakuwa na kitabu cha picha. Alikuwa na daftari la kale alimoandika, mwaka baada ya mwaka, tarehe ya ua la kwanza la Juni, tarehe ya ua la kwanza la kurudia, na tarehe ya jalidi. Akamwambia asubiri hadi Julai, wakati wa kuchimbua na kugawa, naye atampa vishina viwili vya 'Immortality'.

Daftari kama lile lashinda kitabu chochote cha picha. Asiye na jirani wa namna hiyo na atafute chama cha wapenda airisi kilicho karibu. Chama cha Airisi cha Marekani kilianzishwa mwaka 1920, na vyama vidogo vilivyo chini yake viko katika majimbo mengi. Vingi huuza vishina vya ziada vya wanachama katika Julai na Agosti, kwa bei ndogo, na muuzaji ni mtu aliyeuona mmea ule ukipita baridi ya mahali pale pale. Kipo pia chama maalumu cha airisi zirudiazo, kikusanyacho taarifa za aina zilizorudia na mahali ziliporudia.

Mnunuzi anapokuwa mbele ya muuzaji, na aulize maswali manne. Je, airisi hii imerudia wapi? Ilianza mwezi gani? Ilirudia kila mwaka, au mara moja katika miaka kadhaa? Na kichaka kilikuwa na umri gani kiliporudia? Muuzaji mwenye haya ya kweli hatachukia kuulizwa. Asiyeweza kujibu hata swali moja anauza picha.

KUPANDA NA KUTUNZA

Chaguo jema bila matunzo halifiki mbali. Katika nchi za baridi, vishina hupandwa mwishoni mwa Julai au katika Agosti, ili mizizi ipate walau majuma sita ya kushika udongo kabla ya kuganda. Mahali pawe na jua la saa sita au zaidi kila siku, na maji yasituame, kwa maana kishina kikaacho majini huoza na kutoa harufu mbaya. Kisifukiwe kama kiazi: mizizi ishuke chini, na mgongo wa kishina uwe sawa na uso wa udongo au ufunikwe kidogo sana. Kati ya kishina na kishina iwe sentimita 30 hadi 45.

Airisi ya kawaida huweza kusahauliwa baada ya Juni. Irudiayo haisahauliki. Maua ya kwanza yakisha, bua likatwe karibu na chini. Kisha mmea upewe mbolea isiyo na naitrojini nyingi, na katika wiki kavu za joto umwagiliwe maji, kiasi cha sentimita 2 na nusu kwa juma. Mtu akiacha kumwagilia katika Julai, asiilaumu airisi katika Septemba. Vichaka vigawanywe kila baada ya miaka miwili au mitatu, kwa kuwa vitoto vilivyosongamana havina nguvu ya kurudia.

Adui mkubwa katika mashariki na kati ya Marekani ni kiwavi atobowaye airisi. Mama yake, nondo, hutaga mayai juu ya majani makavu wakati wa kupukutika, nayo hukaa humo baridi yote. Kwa hiyo jalidi kali likisha kupita, majani yaliyokufa yaondolewe na kutupwa mbali na bustani. Kazi hiyo ya nusu saa huokoa kichaka kizima. Vishina vilivyopandwa mwaka ule ule vifunikwe kwa majani makavu ya nafaka baada ya ardhi kuganda, visije vikasukumwa juu na udongo unaoganda na kuyeyuka.

Na mtunza bustani asitegemee ua la pili katika miezi ya kwanza baada ya kupanda. Mmea kwanza hujenga nyumba yake.

USIKU WA JALIDI

Mke wa koplo alipanda vishina vya bibi mwishoni mwa Julai, mwaka wa tatu. Mwaka wa nne, katika juma la kwanza la Septemba, mabua mawili yaliinuka. Juma hilo hilo iliwasili amri ya uhamisho.

Maua ya kwanza yalifunguka uani. Usiku mmoja redio ilipotangaza jalidi, mke wa koplo alitandika shuka kuukuu juu ya kichaka, na asubuhi maua yalikuwa salama. Usiku wa pili ilitangazwa baridi iliyo kali zaidi. Akalikata bua lililobaki, ambalo vichomozo vyake vilikuwa vimenenepa na kuonyesha weupe, akalitia katika chupa ya maji mezani. Kila mtunza airisi wa kaskazini hujua njia hiyo: kichomozo kilichonenepa hufunguka ndani ya nyumba, hata kama nje yote yameungua. Kwa muda wa juma moja koplo na wanawe walikula chakula chao mbele ya ua lile, na masanduku yakiwa yamekwisha kufungwa kandokando ya ukuta.

Familia ile ililiona ua la pili kwa majira mamoja tu kati ya manne waliyokaa pale. Kama swali la kwanza lingaliulizwa kwa bibi mzee badala ya kitabu cha picha, wangaliliona mwaka ule aliporudi koplo.

Siku ya kuondoka, mama alichimbua vishina viwili, akakata majani yake hadi kiasi cha kiganja, akavikausha kivulini, akavifunga katika karatasi pasipo nailoni, kwa kuwa nailoni huleta unyevu na uozo. Kishina cha airisi huweza kukaa majuma mawili nje ya udongo pasipo kufa, nacho ni miongoni mwa mimea michache inayoweza kumfuata askari. Ndani ya nchi yake alisafiri nacho; kama angevuka mpaka kwenda nchi nyingine, angehitaji cheti cha afya ya mimea, na wala asingejaribu kukificha.

Juu ya karatasi aliandika jina la airisi, na chini yake tarehe tatu alizozinakili kutoka katika daftari lake mwenyewe.